Kamani za Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Agosti. Kanamkemer, Lodwar.
Zimebaki siku tano. Jumamosi binti yangu Caritas anaolewa Kakuma, na nitampeleka mimi, babake, kwa stesheni wagoni yangu. Gari lina miaka thelathini na tisa. Kwa mbele bado linapendeza. Kwa nyuma limelala upande wa kushoto, tena likipita kwenye tuta linaendelea kudunda mpaka lifike msikitini.

Lokaale, kaka wa mke wangu, alipita na pikapu yake mpya. Alinisalimu kwa Kiturkana, ejok, akalizunguka gari langu mara mbili, akauliza kama ni gonjwa au limechoka tu. Akajitolea kumbeba bibi harusi. Nilimwambia asante, hakuna haja. Alipoondoka nilimweleza mke wangu, Amuria, kwamba ubovu uko kwenye shoki. Akauliza nimejuaje. Kwa kuangalia!

Jumanne, 5 Agosti.
Nimefunga shoki mpya mbili. Mwenyewe. Saa tatu hadi saa saba juani. Kidole gumba kimevimba. Nikabonyeza nyuma ya gari, nikaachia: zamani lilidunda mara tano, leo mara moja tu. Ushindi!

Ila bado limelala kushoto. Amuria akasema shoki huzuia kudunda tu, uzito hubebwa na kamani. Aliyasoma kwenye karatasi iliyokuja na shoki. Karatasi hiyo nimewashia jiko.

Jumatano, 6 Agosti.
Basi ni kamani. Zile bapa za chuma chini ya gari, zinazolaliana. Nimepata bapa mbili za lori kuukuu, nene, nikaongeza moja kila upande. Bolti ya katikati ikawa fupi, haikupenya. Nikaiacha. Ya upande wa pili pia. Zimebaki bolti mbili mfukoni. Nadhani kiwanda huweka za akiba.

Nyuma imepanda! Imepanda sana. Taa za mbele zinamulika udongo. Caritas alikaa kiti cha nyuma kujaribu, akateleza mpaka sakafuni. Alicheka, nami nikacheka. Kisha akaniuliza polepole, "Baba, nikienda na mjomba, utaumia?"

Nilimwambia gari litakuwa tayari. Chakula cha jioni sikukimaliza.

Alhamisi, 7 Agosti.
Dawa ya kitu kilichopanda ni uzito. Nimepakia magunia sita ya mchanga. Likashuka, likawa sawasawa. Nikaenda Nawoitorong kulijaribu. Linakwenda upande! Naelekeza mbele, nyuma inatafuta mtaro. Mtu wa bodaboda alinifuata akipiga kelele kwamba pua ya gari inaenda Kakuma lakini matako yanaenda Kalokol. Watu wote wa dukani walisikia. Lokaale alikuwa dukani.

Amuria alinipa tu nambari ya simu ya Mading, fundi wa malori kule kambi ya wakimbizi Kakuma, mtu wa Sudan Kusini. Sikutaka. Nikakumbuka lile swali la Caritas. Nikapiga.

Ijumaa, 8 Agosti. Kakuma.
Muda wa saa tano njiani, mwendo wa punda. Mading hakugusa spana. Alipima kwa kamba, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kulia na kushoto hazikulingana. Tofauti ya vidole vinne. Akalala chini ya gari. Akatoka akiwa ameshangaa.

Akaeleza kwamba bapa moja ya kushoto ilivunjika zamani, ndiyo maana gari lililala. Hilo ni dogo. Lakini ekseli ya magurudumu ya nyuma haijashikwa mahali pake, inatembea. Akauliza bolti za katikati za kuishika ziko wapi. Nikazitoa mfukoni.

"Mzee, nani alikufanyia hii kazi?"

Nikasema fundi fulani wa Lodwar.

"Usirudi kwa yeye. Huyo ataua mtu."

Nikaahidi. Alitoa vyuma vya lori, akaweka bapa nzima, akarudisha bolti. Alipojua harusi ni ya binti yangu, alikaza kila nati mara mbili. Nikamwalika, nikarudi Lodwar usiku huohuo.

Jumamosi, 9 Agosti.
Gari lilinyooka kama rula. Caritas alikaa nyuma na gauni lake lote, hakuteleza hata kidogo. Baada ya kuvuka laga ya kwanza, mto mkavu, alinishika bega, akasema, "Nilitaka iwe wewe." Nikapiga honi, barabarani hakukuwa na mtu.

Tulipofika Kakuma, Lokaale aliinama akachungulia chini, akasifu, akauliza nani ametengeneza. Nikasema mimi! Nyuma yangu alikuwa Mading na sahani yake ya nyama. Hakunikosoa. Aliuliza tu kama nimemkataza yule fundi wa Lodwar kushika magari. Lokaale akauliza fundi yupi. Amuria akamweleza. Akaanza na magunia ya mchanga. Bwana harusi mwenyewe alicheka mpaka akashika meza.

Jumanne, 12 Agosti. Kanamkemer.
Usukani unatetemeka. Amuria anasema nimpigie Mading. Kumsumbua mtu kwa jambo dogo hivi! Nimeangalia, nimeona: rimu ya mbele imepinda. Nimeazima nyundo ya kilo tano. Ikinyooka, nitafungua breki nione zina nini ndani.