Mifumo Miwili kwa Baba Mkwe

Jumamosi, 4 Machi
Tumetoka ukweni. Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, amewachomelea wazee geti jipya. Chakula kizima ni geti, geti, geti. Baba mkwe kalifungua na kulifunga mara sita tusikie lisivyolia. Mimi nimesifiwa kwa kumaliza chakula.

Lakini Mungu si Athumani. Laptopu ya Baba imechoka. Kuiwasha ni kumwamsha mgonjwa. Humo anaandika kumbukumbu zake za miaka thelathini na nne ya kupima ardhi. Yuko ukurasa wa mia mbili na kumi. Nimejitolea kumwekea mfumo endeshi wa pili, mwepesi, kando ya ule wa zamani. Akiwasha, anachagua autakao. Kaniuliza kama nimewahi kufanya. Nimejibu kwamba ni jambo linalojulikana sana. Sikusema linajulikana na nani.

Jumatatu, 6 Machi
Laptopu iko mezani kwangu. Nimetazama video mbili. Ya tatu nimeiacha katikati, jamaa ana maneno mengi. Wote wanasisitiza kutoa kwanza nakala ya faili. Mke wangu naye anasisitiza. Nimemwambia anayeogopa kuanguka ndiye huanguka. Amesema atakayeanguka si mimi, ni kitabu cha baba yake.

Flashi tunayo moja tu. Nimeshaitumia kubebea mfumo mpya.

Jumatano, 8 Machi
Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia. Kweli tupu. Saa nne asubuhi nimeanza. Skrini ikauliza: niuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, au nifute diski yote? Nikachagua kando. Ikakataa, nafasi haitoshi. Nikachagua tena. Ikakataa tena. Mashine haiwezi kunishinda ukaidi. Nikabonyeza lile chaguo jingine, nione litasemaje. Likauliza kama nina uhakika. Mimi ni mtu wa uhakika. Endelea.

Saa sita mchana. Mfumo mpya unawaka kwa sekunde tisa! Nimetafuta pa kuchagua ule wa zamani. Hakuna. Nimetafuta kitabu cha Baba kwa kila jina ninalolijua. Hakuna. Nimekaa sakafuni.

Alhamisi, 9 Machi
Nimeipeleka kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Ameitazama, kisha akanitazama mimi. Amesema kwa upole kwamba kilichofutwa, kikaandikwa kingine juu yake, hakirudi. Nimemuuliza kama ana uhakika. Amesema kunizidi mimi.

Nimewaza kumwambia Baba ni virusi. Mke wangu amesema nikithubutu, atamtajia virusi hivyo jina na mahali vinapolala.

Ijumaa, 10 Machi
Nimekwenda peke yangu, nikakiri kila kitu. Mama mkwe aliacha kumenya vitunguu. Baba alifuta miwani kwa muda mrefu.

"Kabla hujagawa kiwanja, ulipima?" akaniuliza.

Nikasema sikupima.

"Uliuliza nani anaishi hapo?"

Sikuuliza. Nilitamani ardhi inimeze. Naye ndiye angejua ingepasukia wapi. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 18 Machi
Tumeitwa ukweni. Nilikwenda kama mshtakiwa. Kumbe Baba anaandika upya, kwa kalamu, kwenye daftari kubwa. Anasema mara ya kwanza aliwasifu mno wakubwa zake. Safari hii anasema kweli. Baada ya chakula akatusomea mwanzo: "Nimenusurika mafuriko mawili, nyuki wa bondeni, na mume wa binti yangu mdogo."

Walicheka wote, mwanyumba kuwazidi. Na acheke. Mimi nimetajwa ukurasa wa kwanza. Yeye na geti lake hawamo popote, nimeuliza.

Njiani nimemfafanulia mke wangu kosa lilikuwa wapi. Mifumo miwili husukumana. Ingekuwa mitatu ingetulia, kama mafiga. Laptopu yake mwenyewe ina nafasi tele. Tulipofika tu, kaichukua na kuipeleka kwa dada yake.

Si kitu. Ya ofisini ipo, na mkuu wetu yuko likizo hadi Jumatano.