Nyongeza kwa Kanuni ya Sita

Jumatatu, 12 Mei 2025

Naapa kuandika yote humu, hata ya aibu. Leo kwenye klabu ya kompyuta Mwalimu Godwin ametufundisha kwamba viwango vya tovuti haviandikwi upya kila mara. Waraka mwingine huuongezea ule wa kwanza, mradi wa kwanza umeacha nafasi. Kivinjari kisipoitambua lebo mpya, yaani alama ya kupangia ukurasa, huiruka tu. Nikakumbuka kanuni zetu pale ukutani. Kanuni ya sita ya klabu yetu inasema: "Kanuni hizi zinaweza kuongezewa na waraka mwingine." Waraka wa nani? Haisemi! Na Ijumaa tunachagua msimamizi wa tovuti ya shule. Nautaka usimamizi huo kuliko chakula. Naogopa mwenzangu Brightness ataupata.

Jumanne

Nimebandika Nyongeza A ukutani, chini ya kanuni: msimamizi atoke kata ya Engutoto. Klabu nzima, wa Engutoto ni mimi tu. Kwa haraka yangu, gundi ikaingia kwenye sweta. Madam Magreth wa nidhamu akapita. Nikajibanza nyuma ya kabati mpaka viatu vyake vikaacha kusikika.

Jumatano

Balaa! Brightness kabandika Nyongeza B: Engutoto ihesabiwe pamoja na kata ya Elerai. Kwao ni Elerai! Nikamwambia anavunja kanuni. Akanicheka, eti, "Sijafuta kitu, shosti, nimepanua." Kufikia mchana Hans kaleta Nyongeza Ch: msimamizi aje na maandazi. Princess kaleta D: asiwe mtu wa kulialia. Nililia chooni.

Alhamisi

Madam Magreth kasimama mbele ya ukuta. Nikasahau hata shikamoo. Akauliza nani kaanza. Mkono wangu ukajiinua wenyewe, sijui kwa nini! Mwalimu Godwin akazisoma zote taratibu, akasema nyongeza ambayo wenzako hawakuikubali ni kama lebo isiyojulikana: inarukwa. Akaniagiza nizibandue kwa kijiko.

Ijumaa

Brightness kachaguliwa. Kura zote isipokuwa moja. Adhabu yangu: kunakili kanuni sita kwenye karatasi mpya, Madam aigonge muhuri Jumatatu. Naogopa hata kukosea nukta. Nimemaliza. Mwandiko safi. Ila chini ya kanuni ya sita imebaki mistari mitatu mitupu. Ya saba ingeenea kabisa.

Shajara, nijibu kabla ya kengele: karatasi ikiacha nafasi, si imeruhusu?