Viti Vyeupe na Dawa ya Jua

Jumatatu, 4 Machi

Viti vyangu vya plastiki vya kukodisha vimezeeka kabla yangu. Ukipitisha kiganja, unatoka na unga mweupe kama mwalimu aliyefuta ubao. Kimoja kimevunjika mguu bila kukaliwa na mtu. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye viti vya chuma, alikuwepo. Akauliza siku hizi nakodisha viti au biskuti.

Mke wangu ametoa hukumu. Jumamosi ni harusi ya mdogo wake. Viti vikifaulu, biashara yangu iendelee. Vikituaibisha, naenda kubeba viti vya kaka yake. Nimekubali haraka, kama mtu mwenye mpango. Mpango sina.

Jumanne, 5 Machi

Mpango ninao. Tofali si hukomaa juani? Nimevisugua viti kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha nikavianika uani vikomae. Shemeji kapita, katazama, kaenda zake haraka. Wivu.

Jumatano, 6 Machi

Vitatu vimepasuka vyenyewe. Nimempigia binti yangu, mwalimu wa kemia. Akacheka kwanza, adabu baadaye. Anasema kiwandani plastiki huchanganywa na dawa ya kukinga jua, lakini dawa haikai milele: hujipenyeza polepole hadi juu, mvua ikaiosha, joto likaiharakisha, na inayobaki jua linaitafuna. Ikiisha, plastiki inakauka na kukatika. Kwa hiyo, baba, akasema, wewe umeiosha na kuianika kwa mpigo.

Nikauliza kama dawa hiyo ni ndugu wa mafuta ya kupaka ngozi watu wasiungue. Akasema kwa mfano tu ndiyo, ila... Nikakata simu. Hiyo "ila" ya wasomi hupoteza muda.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemaliza mafuta ya jua ya duka zima. Muuzaji akauliza familia yangu ina ngozi ya namna gani. Nikamwambia ni ya viti. Akanipa pole.

Nimepaka kimoja kimoja, mgongo na miguu. Mke wangu akasema tangu tuoane hajawahi kupakwa mafuta kwa mapenzi kama yale.

Jumamosi, 9 Machi

Viti vilimeta kama meno ya mgombea. Mjomba wa bwana harusi, suti nyeusi, akakaa, akateleza taratibu mpaka chini, soda mkononi, heshima zake zote zikiwa mahali pake. Safu ya mashangazi ikamfuata. Waliosimama walikuwa na makalio meupe.

Mama mkwe peke yake hakuteleza. Akaegemea kwa ushindi. Kiti kikalia "kaa!" kikavunjika. Alipoinuliwa alimwuliza binti yake alinipendea nini. Mke wangu akajibu kwamba bado anafikiria.

Shemeji alileta vya chuma papo hapo. Alikuwa amevipakia garini tangu Jumanne.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeanza kazi. Shemeji anasema ameajiri mikono tu, kichwa nikiache nyumbani.

Lakini macho nimekuja nayo. Rangi ya viti vyake imepauka upande wa jua, na ukiikwaruza inatoka unga. Maskini, hajui. Dawa yake inaoshwa na mvua! Sasa, maji na mafuta hayapatani, hilo halihitaji mwalimu, na jikoni kwetu kuna dumu zima la mafuta ya kupikia.

Shemeji anasafiri kesho. Funguo za ghala kaniachia mimi.