Kumfundisha Mkasi Kuacha Kiti

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi, mwenye karakana yetu ya ushonaji, ametangaza nafasi ya mapokezi. Anataka mtu wa kupokea wateja wanaoongea Kiingereza. Kiti chenye mto! Meza! Feni ya peke yake! Mimi nashona vifungo kwenye kigoda, mgongo umekwisha. Tatizo ni Mkasi, fundi wetu wa kukata vitambaa. Naye anakitolea macho kile kiti. Shangazi ataamua Ijumaa, na kasema undugu hautanisaidia. Maneno hayo kwa mtoto wa kaka yake!

Lakini nina mpango. Naanzisha darasa la Kiingereza wakati wa mapumziko.

Jumanne, 4 Machi
Somo: "give up". Nimelisikia redioni, nalijua barabara. Nimeeleza kwa madaha: ni kuacha kitu ulichozoea, au kukata tamaa na kunyoosha mikono. Nimeandika maneno ubaoni; kila mmoja achague moja atunge sentensi, na hapa ndipo penye akili: lazima aitekeleze siku hiyohiyo, la sivyo haihesabiwi. Neno lililotumika nalifuta. Ijumaa, mbele ya Shangazi, ubaoni litabaki "chair" tu, na Mkasi ataacha kiti kwa mdomo wake mwenyewe. Nimecheka peke yangu mpaka nikajichoma sindano.

Nikatoa mfano: "I give up tea." Mkasi akachukua kikombe changu, akanywa chote. Eti anamsaidia mwalimu kutekeleza.

Jumatano, 5 Machi
Kichwa kinagonga. Chai hakuna hata nyumbani, maana Mkasi alimpigia mke wangu simu. Mke wangu kafurahi, kasema niongeze masomo.

Leo mpiga pasi kaacha sukari. Mama wa darizi kaacha chumvi, na sasa anagombana na kila mtu. Mkasi akasema hajaelewa sawasawa, mwalimu afafanue. Jamani, mtu ukiombwa kwa heshima! Nikatunga: "I give up bread." Akala mkate wangu. Akasema sasa ameelewa.

Alhamisi, 6 Machi
Njaa. Nimeshona vifungo vya shati upande wa mgongoni. Shangazi kaniuliza kama naumwa. Nikamjibu ni uchovu wa kusomesha. Mkasi naye kaacha soda, ambayo sijawahi kumwona akiinywa.

Ijumaa, 7 Machi
Cherehani zote kimya. Ubaoni neno moja tu. Shangazi kaketi kwenye kiti chenyewe. Nikamwita Mkasi mbele. Akainamisha kichwa, akasema hawezi kumtangulia mwalimu wake, itakuwa utovu wa adabu. Shangazi akanigeukia, akasema kweli kabisa, mwanangu, anza wewe.

Nikatafuta neno jingine kichwani. Humo mlikuwa na chai na mkate tu, na hivyo nilishaviacha! Nikinyamaza, wataniona mjinga. Nikavuta pumzi, nikatamka kwa sauti ya mtangazaji: "I give up the chair."

Makofi! Shangazi akauliza maana yake. Mkasi akamtafsiria, vizuri kuliko nilivyomfundisha. Shangazi akainuka huku anafuta machozi, akasema hakujua kaka yake alizaa mtu muungwana kiasi hiki. Mkasi akakaa. Sifichi, imeniuma. Nimelia chooni.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata wazo! Leo redio imefundisha "take over", yaani kushika nafasi ya mwenzako na kuendesha mambo badala yake. Jumatatu darasa jipya, sharti lilelile: sentensi itekelezwe. Kiti nimekikosa, lakini ualimu bado ni wangu, na kwa ualimu huu nitakirudisha.

Wa kwanza kujiandikisha: Mkasi. Ameuliza kwa upole kama safari hii mwanafunzi anaruhusiwa kuanza. Nimemkubalia palepale. Masikini, amenasa tena!