Kitanda cha Waliochoka

Jumatatu, 4 Juni 1956
Ulimwengu wote na ujue: kitanda cha dirishani kiko wazi! Mzee Lutengano amefariki alfajiri. Wa tatu pale tangu Pasaka. Mungu amlaze pema. Mimi anilaze dirishani. Jua la Mbeya mwezi huu ni mali, na mguu wangu uliovunjika umeganda kama gogo. Jirani yangu Bartholomeo, Mhehe wa Kilolo, naye anakitolea macho. Nimemwambia kina kunguni.

Jumanne, 5 Juni
Nimemwuliza dresa wetu, Jailos, mfunga vidonda na mchoma sindano, kitanda kile hupewa nani. Mtu mpole huyu. Sindano yake huisikii. Akasema ni cha waliochoka tu. Yeye huwapumzisha. Basi! Kesho nitachoka.

Jumatano, 6 Juni
Aibu! Jailos kapita na trei yake, akaniinamia. Hujambo, baba? Umechoka? Nami nilijiandaa tangu jogoo la kwanza, hata kukohoa nimekohoa. Mdomo ukajibu wenyewe, kama mama alivyoufunza: sijambo kabisa, mwanangu, ila mguu tu. Miaka arobaini na sita ya adabu, na ona iliponifikisha! Bartholomeo, asiye na haya, akaguna kama ng'ombe kwamba amechoka, amechoka mno. Kahamishwa palepale. Sasa ananipungia mkono kutoka juani. "Mtani, mbona kunguni siwaoni?"

Ijumaa, 8 Juni
Polisi wodini! Nesi Tekla kamdaka Jailos mkono, sindano ikiwa inchi chache tu kutoka paja la Bartholomeo. Dawa ya usingizi, ya kumlaza fahali asiamke. Jailos hakukana. Kamweleza inspekta, kwa upole uleule, kwamba hakumgusa mtu mpaka aseme mwenyewe amechoka. Watatu walisema. Bartholomeo kapanda basi la Iringa na shuka ya hospitali.

Jumapili, 10 Juni
Wageni nimewasimulia nilivyomshuku Jailos tangu mwanzo, nikamtega kwa jibu la hekima. Mke wangu Tupokigwe kacheka hadi kikapu kikamdondoka. "Wewe Anania? Hata panya hujawahi kumtega!"

Humu daftarini niseme kweli. Sikumshuku hata kidogo. Nilitaka jua. Alipouliza, nilisahau uongo wangu. Ndiyo yote.

Lakini kitanda ki wazi, na wote wanakiogopa! Jioni dresa mpya, Anyitike, kauliza kama nina shida. Safari hii sikukosea. Nimemwambia nimechoka sana.