Gunia la Hamdani

Jumatatu, 4 Agosti

Shukrani kapiga simu kutoka chuo cha kilimo. Mwanangu huyo, wa kwanza ukoo mzima kusomea udongo. Sisi wengine tumekuwa tukiukanyaga tu. Anasema Jumamosi ya tarehe 16 mwalimu wake, Bwana Bonifasi, anakuja Ujiji kukagua bustani yake ya mafunzo, ile ninayomtunzia nyuma ya nyumba, hatua hamsini kutoka ziwani. Ikiwa mbovu, anarudia mwaka. Akauliza mchicha ukoje. Nikamwambia unanifika kiunoni.

Unanifika vidoleni. Vya miguu.

Kosa si langu. Mchanga mtupu huu. Unamwaga maji, yanapotea hata ndoo hujaitua. Ila jirani yangu Gloriose, mchanga uleule, tumetenganishwa na uzio wa matete tu, lengalenga yake inaficha mbuzi. Lengalenga ndio mchicha huuhuu, ila ukiwa wa Gloriose lazima uwe na jina lake.

Leo kasimama uzioni: Mama Shukrani, chukua samadi, imeoza miezi mitatu, ninayo tele. Nikamjibu asante dada, mama wa mtaalamu haombi mavi ya mbuzi. Akasema haya. Ile haya yake sijaipenda.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata wazo. Kichwa hiki kingesomeshwa, tungekuwa mbali.

Hamdani anakausha migebuka ya chumvi kule mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Chini ya vichanja vyake kuna magamba, vichwa, matumbo, vyote bure. Samaki anakuza watoto, atashindwa mchicha? Kaniletea gunia zima kwa baiskeli, na furaha iliyozidi kiasi. Akaniuliza kama nina hakika, maana mle chumvi ya Uvinza ni nyingi kuliko samaki. Nikamuuliza mboga isiyo na chumvi anaila nani.

Nimefukia lote.

Ijumaa, 8 Agosti

Paka kumi na mmoja. Kunguru sikuhesabu. Nimeshinda bustanini na ufagio tangu asubuhi. Gloriose kauliza kwa upole kama nimefungua hoteli.

Jumanne, 12 Agosti

Majani yameungua pembeni kama yamepigwa pasi. Juu ya matuta kumeota unga mweupe. Nimemwagilia mara tatu. Unga umeongezeka.

Alhamisi, 14 Agosti

Mchicha wote umekufa. Shukrani kapiga simu. Nimemwambia umepumzika.

Baada ya hapo nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Mtoto huyu alisoma kwa kibatari, akiuza maandazi kabla ya shule. Ada ya kurudia mwaka sina, hata nikiuza kigoda.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda Mwandiga sokoni, nimerudi na mafungu thelathini ya mchicha, yote na mizizi yake. Nimeyalaza kwenye beseni la maji. Sisemi zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Alfajiri nimechomeka mafungu yote, mistari iliyonyooka. Bustani ikapendeza hadi nikajipongeza.

Saa nne Shukrani na mwalimu wake wamefika. Kufikia hapo jua lilikuwa kali na mchicha umelala wote, kama waumini kwenye mahubiri marefu. Nikamwambia mwalimu ni aina mpya, inatambaa. Mwalimu akainama, akavuta shina moja. Likaja fungu zima, bado limefungwa kamba ya mgomba.

Kule uzioni, Gloriose hata hakucheka, mwanamke katili yule.

Shukrani hakunigombeza. Alichota udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akauliza: Mama, umeweka nini humu? Nikasema yote. Gunia, paka, Mwandiga, yote. Sijawahi kusema kweli nyingi hivyo kwa siku moja.

Basi akamgeukia mwalimu, akaanza. Jinsi chumvi inavyounyima mmea maji hata ukiwa umelowa. Jinsi maji ya ziwa yalivyo karibu chini yetu, jua likiyavuta, chumvi inapanda juu. Akaomba ruhusa kwa Gloriose, akachota na udongo wa kwake: mchanga uleule, lakini una samadi na umefunikwa majani ya migomba. Gloriose akamwambia chukua mwanangu, chimba popote. Mimi nilikuwa nimeshika beseni tu.

Bwana Bonifasi akasema bustani nzuri ameonyeshwa nyingi, na wenyewe hawajui kwa nini ni nzuri. Huyu anajua kwa nini yake imekufa. Kamwandikia A.

Gloriose kanipa tena samadi, ndoo mbili. Nimezipokea. Jioni tumekula mchicha wa Mwandiga, watu wanne. Hakuna aliyeongeza chumvi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeliwaza jambo hili usiku kucha na nimelielewa. Gunia moja, A. Na muhula ujao mwalimu anakuja kukagua nyanya.

Samadi nimeiweka chini ya mpapai, isitusumbue. Baada ya ibada nimepita kwa Hamdani. Ataleta magunia mawili.