Leseni ya Uswisi

Luhende alipogundua kwamba kuna kitu duniani kinagawiwa bure na hakuna foleni, hasira zilimpanda hadi akashindwa kumaliza chai yake.

Alikuwa kibandani kwake Mabatini, Mwanza, anakotengeneza simu na laptop, na mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa amemletea laptop ibadilishwe kioo. Laptop yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini Luhende alipoiwasha iliwaka kabla hajamaliza kupiga mwayo.

"Umeweka nini humu?" akauliza.

"Linux, kaka. Mfumo wa kuendeshea kompyuta. Unaupakua mtandaoni, unaweka kwenye flashi, unausimika kama mafundi wanavyopiga windo. Ni bure."

"Bure ya kujaribu, halafu mwezi ukiisha wanafunga?"

"Bure moja kwa moja. Waliotengeneza wameuacha wazi. Ukitaka unaufungua uone ulivyoundwa, unanakili, unamgawia jirani."

Luhende aliwahurumia sana hao waliotengeneza. Watu wazima, tena wenye akili zao, walikuwa wamekosa mtu wa kuwashauri kuhusu bei. Papo hapo akajiteua kuwa mshauri wao, kwa upande wa Kanda ya Ziwa.

Ni haki msomaji amjue mtu huyu. Luhende alishawahi kumuuzia mvuvi kasha la simu lisilozama. Simu ilizama, kasha likaelea, na mvuvi akarudi kibandani kushukuru kwamba angalau nusu ya maneno yalikuwa ya kweli. Ndani ya siku tatu alikuwa ameupakua ule mfumo, amejifunza kuusimika, na ameubatiza jina la Mfumo wa Uswisi. Aliichagua Uswisi kwa sababu hakumjua mtu yeyote Mwanza aliyewahi kufika huko akarudi na maswali.

Siku ya Jumanne akaingia Mama Mhoja, amebeba laptop ndani ya kikapu kinachonukia dagaa. Mama huyu alikuwa muuza dagaa, na pia mwenyekiti wa kwaya katika kanisa moja la Pasiansi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hii mashine ya ofisi ya kanisa imetuchosha. Mchungaji Obedi anaiwasha, anakwenda kuwaona wagonjwa, anarudi anakuta bado inazunguka."

Luhende akaigonga gonga mgongoni kama daktari. "Mama, hii ni ya kuzika tu."

"Ndivyo tulivyoona. Baraza la wazee limetenga fedha za kununua sita, za ofisi na za vijana. Mimi nimetumwa nitafute fundi mwaminifu."

Luhende aligeuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine aliyeingia. Hakukuwa na mtu, kwa hiyo akafunga kifungo cha juu cha shati na kuanza kazi. Alimweleza kwamba laptop si kitu, kitu ni mfumo. Alimweleza kuhusu wahandisi wa Uswisi wanaofanya kazi ndani ya milima, hawaongei na mtu. Akamwonyesha mchoro wa pengwini, nembo ya mfumo ule.

"Huyu bata wa nini?"

"Si bata huyo, mama. Ni ndege wa barafu. Ukimwona kwenye mashine ujue haitachemka hata uiwashe mchana kutwa."

"Yesu wangu," Mama Mhoja alisema, na Luhende akaona biashara imekubali.

Akamwandikia profoma, yaani karatasi ya bei, kwa mkono wake mwenyewe: laptop sita, na chini yake leseni za Uswisi sita. Leseni moja ilikuwa ghali kuliko laptop inayoibeba. Akatia sahihi, akapiga muhuri, akaupuliza ukauke. Mama Mhoja aliikunja ile karatasi kwa heshima na kuifunga kwenye kona ya kanga. Malipo, alisema, yangekuwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya wazee, kwa kuwa fedha ya kanisa haitolewi vichochoroni.

Sasa zilitakiwa laptop zenyewe. Hizo alikuwa nazo Ogweno, mtu wa Shirati aliyekuwa akiuza vifaa vilivyotumika mtaa wa pili. Ogweno alimsikiliza Luhende mpaka mwisho, akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Maneno yako nayajua, kaka. Mimi niachie kitu kinachotembea."

Luhende alikuwa na kitu kimoja tu kinachotembea: pikipiki nyekundu aliyoinunua ikiwa mpya, ikiwa bado na nailoni kwenye kiti. Katika maisha yake yote ndicho kitu pekee alichokipata bila kumdanganya mtu, na aliipenda kwa mapenzi ambayo wanawake kadhaa walishamlalamikia. Aliifuta taa ya mbele kwa mkono wa shati, kisha akautoa ufunguo.

"Mpaka Jumapili jioni," Ogweno alisema, akiutia ufunguo mfukoni. "Jua likizama hujaleta hela, pikipiki yangu, laptop zako. Hatudaiani, hatununiani."

"Jumapili saa sita mchana utaniona," Luhende akajibu.

Alhamisi alifika ofisi ya kanisa akiwa jasho tupu, laptop sita begani. Mama Mhoja alimpokea kwa maji ya kunywa.

"Leo umekuja kwa miguu?"

"Pikipiki nimeitoa, mama," Luhende alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu aliona nafasi ya kuonewa huruma na hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite. "Nimeitoa kwa ajili ya kazi hii ya Mungu."

"Jamani, baba!"

Kazi ikaanza. Laptop ya kwanza ilikubali, ya pili ikakubali, ya tatu ikagoma kuona waifai. Luhende akafungua ule ukurasa mweusi wa maandishi, akaandika mistari miwili aliyoinakili kutoka kwenye simu yake, na maneno yakaanza kuporomoka kwenye kioo kwa kasi. Waifai ilishika. Mama Mhoja, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akauliza amefanya nini.

"Nimewapigia Uswisi," alisema Luhende. "Wamefungulia kutoka huko huko."

Ilipofika mashine ya sita, ilikuwa saa nane mchana na njaa ilimkaba. Hapa ieleweke desturi ya mafundi wetu. Mtu anapopiga windo hufika mahali ambapo mashine inajinakilia mafaili yenyewe kwa nusu saa, na ili anayesubiri asichoke, kioo huonyesha kurasa za maelezo, moja baada ya nyingine. Kurasa hizo zimepita mbele ya mafundi maelfu na hakuna hata mmoja aliyezisoma, kwa sababu hiyo nusu saa ndiyo saa ya kwenda kula. Luhende naye akaenda kula. Aliagiza sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, akawaza namna atakavyoiosha pikipiki yake Jumapili.

"Usiguse kitu, mama," alikuwa amemwambia. "Leseni inashuka."

"Sigusi, baba. Nitatazama tu."

Aliporudi alimkuta Mama Mhoja amevaa miwani, ana kalamu, anaandika kwenye daftari. Luhende alidhani ni hesabu za dagaa.

"Ninajiuliza, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. "Hizi fedha za leseni, ni zako?"

"Zangu? Zinakwenda Uswisi zote. Mimi hapa sipati hata senti, mama. Natumika tu."

"Hata senti?"

"Hata moja. Mungu ndiye shahidi."

Mama Mhoja akavua miwani, akamtazama kwa upole mwingi. "Moyo kama huu watu lazima wausikie. Jumapili nikikusimamisha uwasalimie waumini, utakubali? Mia nne hivi, na wengi wana laptop mbovu majumbani."

Watu mia nne. Luhende nusura amkumbatie.

Jumapili alikaa benchi la mbele, tai ya kuazima shingoni, viatu vimepigwa rangi. Aliimba nyimbo asizozijua, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wazee. Wakati wa matangazo Mama Mhoja alisimama na daftari lake, akamwomba asogee mbele, na Luhende akaenda huku akitabasamu kulia na kushoto.

"Bwana asifiwe," mama alianza. "Wengi mnanijua kwa dagaa. Wachache mnakumbuka kwamba kabla ya dagaa nilipiga chapa miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha pamba, barua za Kiingereza, mpaka kiwanda kilipofungwa."

Tabasamu la Luhende lilibaki mahali pake, lakini yeye mwenyewe alishaondoka ndani yake.

"Alhamisi nilikaa mbele ya kompyuta, nikasoma. Naomba niwatafsirie." Akavaa miwani. "Mfumo huu ni bure. Una ruhusa ya kuutumia, kuunakili na kumgawia jirani. Hakuna mtu wa kumlipa."

"Amina!" Mchungaji Obedi alisema kutoka kitini. "Hii ni injili kabisa!"

"Ndipo nikamwelewa kijana huyu. Kwa kinywa chake aliniambia hapokei hata senti, na Mungu ndiye shahidi. Nikamuuliza mbona umekuja kwa miguu? Akasema ametoa pikipiki yake kwa ajili ya kazi ya Mungu. Ndugu zangu, pikipiki! Ndizo laptop hizi sita mnazoziona. Ametupa sadaka!"

Kanisa lililipuka vigelegele. Kina mama walitandika kanga chini mpaka kwenye miguu ya Luhende, mzee mmoja akatoa leso na kulia waziwazi. Luhende alifungua mdomo kusema kuna jambo halijaeleweka. Mama Mhoja alimsogelea kama anayemkumbatia, na kwenye kona ya kanga yake Luhende akauona muhuri wake mwenyewe.

"Sema amina," mama alimnong'oneza. "Au niwasomee na ile profoma? Kaka yangu yule mwenye leso ni askari mstaafu, lakini rafiki zake hawajastaafu."

Luhende akawatazama wale watu mia nne na macho yao yenye upendo. Hakuna aliyewahi kumtazama hivyo, na wote walikuwa wanamtazama kwa kitu ambacho hakukifanya.

"Amina," alisema.

Kabla vigelegele havijatulia, Mama Mhoja alishapendekeza kwamba, kwa kuwa laptop zimepatikana kwa neema, fedha iliyotengwa inunue kinanda cha kwaya, kinachoombwa mwaka wa tatu sasa. Mikono ikanyooka kanisa zima. Mchungaji aliwaombea wote wawili, fundi na kinanda.

Nje, Luhende alimfuata mama nyuma ya kanisa, tai mkononi.

"Mama, nisikilize. Mfumo sawa, ni bure, nimekubali. Lakini laptop ni za hela! Hata nusu basi. Pikipiki yangu inaondoka jua likizama!"

"Bei halisi ungeniandikia, ungelipwa leo hii mbele ya wazee," Mama Mhoja alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi. "Wewe uliandika Uswisi. Sasa wadai hao hao wa milimani."

Kisha akaingia stoo, akatoka na ndoo ya dagaa wakavu iliyojaa mpaka juu, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa sababu mgeni haondoki Pasiansi mikono mitupu.

Luhende alimtafuta Ogweno kwa simu akaikuta imezimwa. Akapiga marafiki watatu kuomba mkopo, na wote walikuwa wateja wake wa zamani, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa mafupi. Jua lilikuwa linagusa ziwa alipoanza kutembea kurudi Mabatini, ndoo begani, na kila aliyetoka ibadani alimpungia mkono na kumwita mtumishi. Watu wawili walimsimamisha kumuuliza lini atapita kwao kuwawekea ule mfumo wa bure.

Giza lilipoanza kuingia, pikipiki nyekundu ikapunguza mwendo kando yake. Nailoni ya kiti ilikuwa imebanduliwa.

"Luhende!" Ogweno aliita. "Kaka, kinatembea vizuri hiki kitu. Nimeamua kupiga bodaboda jioni. Unakwenda Mabatini?"

Luhende aliitazama pikipiki yake, kisha njia iliyobaki. Miguu ilikuwa inawaka moto, viatu vya Jumapili vimemtoa malengelenge.

"Nauli shilingi ngapi?" akauliza.

"Kwa wewe?" Ogweno akachungulia ndani ya ndoo. "Nusu ya hao dagaa. Na ushike vizuri, sitaki wamwagike kwenye kiti changu."